Rudolf Diesel: Alitaka injini ya mnyonge, akafa na madeni

Ukitoka Shinyanga mjini kwenda Kahama, kisha ukashika njia ya Geita, huwezi kukaa muda mrefu bila kusikia mlio wa injini ya dizeli. Zipo mashine za kusaga na kukoboa, pampu zinazovuta maji kwenye maduara ya dhahabu, kompresa za kutobolea miamba, makarasha yanayosaga mawe pale ambapo umeme haujafika au hauna nguvu ya kutosha, na Fuso zilizosheheni pamba, mpunga na dengu. Dizeli limekuwa jina la mafuta, na wengi wanaolitamka kila siku hawajui kwamba lilikuwa kwanza jina la ukoo wa mtu.

Mtu huyo ni Rudolf Diesel, mhandisi wa Kijerumani aliyefariki mwaka 1913 akiwa na umri wa miaka 55. Alikufa akiwa maarufu Ulaya na Marekani, lakini hakuwa na fedha ya kulipa aliokuwa anadaiwa nao. Maisha yake yanamhusu kwa karibu mfanyabiashara wa Kahama au Katoro, kwani swali ambalo wanunuzi wa injini za mtumba huuliza hadi leo, yaani wachukue yenye turbo au isiyo na turbo, Diesel mwenyewe alikwishalijaribu kwa mikono yake zaidi ya miaka 120 iliyopita.

Alizaliwa Paris, Ufaransa, Machi 18, 1858. Wazazi wake walikuwa Wajerumani waliohamia huko kutafuta maisha, na baba yake, Theodor, alikuwa fundi wa kujalidi vitabu na kutengeneza bidhaa za ngozi. Haikuwa familia ya kufa njaa, ila haikuwa na akiba. Mwaka 1870 vita vilipozuka kati ya Ufaransa na Ujerumani, Wajerumani wa Paris wakawa hawatakiwi tena. Familia ikaondoka na vifurushi kuelekea London. Huko nako kazi ilikuwa ngumu, wazazi wakaamua mtoto wao wa miaka 12 apelekwe Augsburg, kusini mwa Ujerumani, akalelewe na ndugu wa ukoo ambaye mumewe alikuwa mwalimu wa hesabu.

Uamuzi huo ndio uliomfanya mtu. Alipofika miaka 14 aliwaandikia wazazi kwamba anataka kuwa mhandisi. Wao walitaka aanze kazi mapema, jambo ambalo mzazi yeyote mwenye mikopo ataelewa. Kijana akapata ufadhili wa masomo na mwaka 1875 akaingia Chuo cha Ufundi cha Munich. Mmoja wa walimu wake alikuwa Carl von Linde, baba wa majokofu ya kisasa. Darasani mwa Linde ndipo Diesel alipoelewa kwamba injini za mvuke za wakati ule zilikuwa zinapoteza sehemu kubwa mno ya makaa ya mawe, kwani hata iliyo nzuri iligeuza kazi takriban asilimia 10 tu ya joto na lililobaki likaishia hewani.

Mwaka 1879 aliugua homa ya matumbo na kukosa mtihani wa mwisho. Wakati akisubiri mtihani mwingine alikwenda kufanya kazi katika kiwanda cha Sulzer, mjini Winterthur, Uswisi. Mji huo na kiwanda hicho ni vya kukumbukwa, kwa sababu vitarejea katika habari hii. Januari 1880 alifanya mtihani na kufaulu kwa alama za juu sana.

Kwa miaka 10 iliyofuata alikuwa mtu wa barafu. Alirudi Paris kumsaidia Linde kujenga na kuendesha mitambo ya kutengeneza barafu, akapanda hadi kuwa mkurugenzi, akaoa mwaka 1883 mwanamke aitwaye Martha Flasche na kupata watoto watatu. Usiku alikuwa anahangaika na injini yake mwenyewe, iliyotumia mvuke wa amonia badala ya maji. Jaribio moja lililipuka na kumlaza hospitali kwa muda mrefu. Injini ya amonia haikufika popote, lakini hapo alijifunza kitu kimoja kuhusu shinikizo kubwa: chuma chembamba hakivumilii.

Mwaka 1890 alihamia Berlin, na mwezi Februari 1892 akawasilisha maombi ya hataza ya injini ya aina mpya. Wazo lake mtu yeyote wa Shinyanga anayejaza baiskeli upepo analifahamu kwa kiganja. Ukisukuma pampu kwa nguvu, sehemu ya chini ya pampu inapata moto, kwa kuwa hewa ikigandamizwa hupata joto. Diesel alitaka kuigandamiza hewa kiasi kwamba joto lake pekee liwashe mafuta, bila plagi wala utambi. Alihesabu kwamba injini ya namna hiyo ingetumia sehemu ndogo tu ya kuni au makaa yaliyohitajika na mvuke. Muingereza Herbert Akroyd Stuart naye alikuwa na injini yake ya mafuta mazito tangu 1890, na ubishi kuhusu nani alitangulia haujaisha hadi leo. Tofauti ni kwamba ya Muingereza ilihitaji kichwa chake kipashwe moto kwanza, wakati Diesel alitegemea mgandamizo mkubwa peke yake.

Kilichofuata ni sehemu ambayo wavumbuzi wengi hukwama, yaani kutafuta mtaji. Diesel aliandika kijitabu mwaka 1893 kueleza nadharia yake na kukituma kwa wataalamu na wenye viwanda. Kiwanda cha mashine cha Augsburg, chini ya mkurugenzi Heinrich Buz, kilikubali kumtengenezea injini ya majaribio, na kampuni ya Krupp ikaingia kama mdhamini. Mkataba ulimpa mshahara mzuri kwa mwaka. Hiki ndicho kiwanda kilichokuja kujulikana kama MAN, jina linalosomeka hadi leo kwenye malori makubwa.

Agosti 10, 1893 injini ya kwanza ilizungushwa kwa mkanda wa kiwandani na mafuta yakapulizwa ndani. Yaliwaka papo hapo kwa kishindo, na kifaa cha kupimia shinikizo kikapasuka, vipande vikaruka karibu na vichwa vya waliokuwapo. Mtu mwingine angeacha. Diesel alifurahi, maana mafuta yalikuwa yamewaka yenyewe. Lakini injini haikuweza kujiendesha. Ilipofika Februari 17, 1894 ilizunguka kwa nguvu yake kwa muda wa dakika moja hivi. Ikachukua miaka mitatu mingine ya kubadili pistoni, vali na namna ya kupuliza mafuta. Februari 1897 profesa Moritz Schröter wa Munich aliipima rasmi. Injini hiyo ya silinda moja, yenye nguvu farasi zisizozidi 20 hivi, ilikuwa ndefu kupita mtu na nzito kwa tani kadhaa, lakini iligeuza kazi asilimia 26 ya joto la mafuta. Hakuna injini iliyokuwa imefikia hapo.

Uzito ule ulikuwa na sababu. Hewa ilikuwa inagandamizwa zaidi ya mara 30 ya shinikizo la kawaida, na juu yake ukaongezeka mlipuko wa mafuta. Nguvu hiyo yote inasukuma silinda hedi kwenda juu na kranki kwenda chini, na kinachozishikilia zisiachane ni bloku na boliti zake. Ndiyo maana hadi leo injini ya dizeli huwa na bloku nzito kuliko ya petroli ya ukubwa uleule.

Wakati wa majaribio hayo, mwaka 1896, Diesel aliomba hataza nyingine isiyozungumzwa sana. Aliona kwamba injini ikivuta hewa kwa pumzi yake tu, nguvu yake ina kikomo, maana kiasi cha mafuta yanayoweza kuungua kinategemea hewa iliyomo. Akafanya upande wa chini wa pistoni uwe kama pampu ya kushindilia hewa zaidi ndani ya silinda. Nguvu iliongezeka kweli, lakini matumizi ya mafuta yakawa mabaya zaidi, kwa sababu kazi ya kushindilia ilitolewa na injini yenyewe. Diesel, ambaye alikuwa akijali ubanaji wa mafuta kuliko kitu kingine, akaliacha jambo hilo.

Aliyelimaliza alikuwa Mswisi, Alfred Büchi, aliyezaliwa Winterthur mwaka 1879, mwaka uleule Diesel alipokuwa akifanya kazi Sulzer mjini humo. Büchi naye alifanya kazi Sulzer, na mwaka 1905 alipata wazo la kutumia moshi unaotoka, ambao bado una joto na kasi, kuzungusha gurudumu dogo linaloshindilia hewa inayoingia. Nguvu ya kushindilia ikawa inatoka kwenye kitu ambacho vinginevyo kingetupwa. Ilimchukua miaka 20 kufanya kifaa hicho kiaminike. Katikati ya miaka ya 1920 meli mbili za Ujerumani, Preussen na Hansestadt Danzig, zilifungwa injini zenye mtambo wa Büchi, na nguvu ikapanda kwa zaidi ya asilimia 40 kwa injini ileile. Hiyo ndiyo turbo.

Hapa inafaa kusimama kidogo, maana fedha nyingi hupotea kwa kutoelewa tofauti hii. Turbo inaonekana kwa nje kama konokono wa chuma, na wengi hudhani tofauti inaishia hapo. Tofauti kubwa imo kwenye bloku na vilivyomo ndani yake. Injini iliyosanifiwa kwa turbo hubeba shinikizo na joto zaidi, hivyo kwa kawaida hupewa kranki na konrodi imara zaidi, pistoni za aina nyingine, gasketi na boliti za hedi zenye uwezo mkubwa, rejeta kubwa na pampu ya oili yenye msukumo zaidi. Mara nyingi chini ya kila silinda huwepo nozeli ndogo inayorushia oili tumboni mwa pistoni ili kuipoza. Ubavuni mwa bloku kuna tundu la oili inayokwenda kulainisha turbo na jingine pana la kuirudisha.

Aidha, mgandamizo wa ndani hupunguzwa, kwa kuwa hewa inaingia ikiwa tayari imeshindiliwa. Mfano mzuri ni injini mbili za Toyota Land Cruiser, zote za silinda sita na lita 4.2. Ile ya 1HZ isiyo na turbo hugandamiza hewa zaidi ya mara 22 na kutoa nguvu farasi takriban 130, wakati 1HD-T yenye turbo hugandamiza kwa mara 18 hivi na kutoa takriban 165. Kwenye Fuso, injini ya 6D16 imetengenezwa kwa aina zote mbili, na yenye turbo huongezewa herufi T. Viwanda vingi hutumia umbo moja la bloku kwa aina zote mbili, tofauti ikiwa ni matundu yaliyotobolewa au kuzibwa. Anayenunua bloku ya mtumba ni vyema ainame achungulie kwa chini kuona kama nozeli za oili zipo, badala ya kuangalia konokono pekee, kwani hilo linaweza kufungwa na fundi yeyote juu ya bloku isiyostahili. Injini ya namna hiyo itavuta vizuri miezi michache, kisha pistoni itapasuka au gasketi ya hedi kuungua.

Jiografia nayo ina neno. Shinyanga iko zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari na Geita iko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban asilimia 10, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribia hicho. Yenye turbo hufidia sehemu kubwa ya upungufu huo. Kwa Fuso inayopanda na mzigo kamili kutoka Kahama kwenda Dar es Salaam wiki baada ya wiki, au kompresa inayotoboa mwamba mchana kutwa, turbo hulipa gharama yake. Kwa mashine ya kusaga ya kijijini hesabu ni nyingine. Inafanya kazi kwa vipindi, mara debe moja, mara gunia, na turbo haina la kufanya injini ikiwa haijabebeshwa mzigo. Tena kifaa hicho huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, hakipendi vumbi la kiangazi linalopenya kwenye filta iliyochoka, wala oili ya bei rahisi, wala kuzimwa ghafla kikiwa bado na moto. Silinda moja nzito, ya kwenda polepole na isiyo na turbo, ndiyo iliyobeba wasagaji kwa miongo mingi, na haijapitwa na wakati kwa kazi hiyo. Kinachoiondoa vijijini siku hizi ni mota ya umeme.

Diesel angependa mashine hiyo ya silinda moja kuliko malori. Lengo lake la awali lilikuwa fundi mdogo. Aliona viwanda vikubwa vikiwa na mvuke vinawamaliza mafundi wa seremala, wafumaji na wahunzi ambao hawakuweza kununua boila, naye akataka injini ndogo, nafuu, ya kuwarudisha sokoni. Haikuwa hivyo. Injini yake ilihitaji kompresa nzito ya kupulizia mafuta, ikawa ya viwanda vikubwa, mitambo ya umeme na meli kwanza. Pampu ndogo za Bosch zilizoiwezesha kuingia kwenye magari na mashine ndogo zilianza kuuzwa mwaka 1927, miaka 14 baada ya kifo chake.

Fedha ziliingia kwa kasi ya kutisha. Mwaka 1897 Adolphus Busch, tajiri wa bia wa Marekani, alinunua haki ya kutengeneza injini hiyo nchini kwake kwa mark milioni moja. Emanuel Nobel wa Urusi naye akanunua. Mwaka 1898 kampuni maalumu ikaundwa Augsburg kuchukua haki zake zote kwa mark milioni 3.5, sehemu yake ikiwa hisa badala ya taslimu. Kumbe waliouziwa leseni walikuwa wamenunua kitu ambacho hakijakomaa. Injini zilizotoka viwandani zikaharibika, wateja wakazirudisha, kesi za hataza zikafunguliwa. Diesel akazidiwa na kazi akalazwa katika nyumba ya wagonjwa wa mishipa ya fahamu.

Alipotoka alifanya makosa ambayo yeyote aliyewahi kupata fedha za msimu anayajua. Alijenga jumba la kifahari Munich, akaweka mamilioni kwenye biashara ya viwanja ambayo hakuifahamu, na kwenye visima vya mafuta vya Galicia. Kiwanda cha injini alichoshiriki kukianzisha Augsburg kikashindwa. Hisa zake hazikuleta alichotarajia, na hataza yake kuu ya Ujerumani ikaisha muda mwaka 1907. Kuanzia hapo mtu yeyote angeweza kutengeneza injini ya dizeli bila kumlipa senti.

Sifa hata hivyo zilizidi kumiminika. Kwenye Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 injini yake ilipata tuzo kuu, na moja ndogo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Serikali ya Ufaransa ilikuwa ikifikiria makoloni yake ya Afrika yanavyoweza kujizalishia nishati. Diesel alirudi kwenye jambo hilo mwaka 1912 akiamini mafuta ya mimea yangekuja kuwa na thamani. Nchini Tanzania wazo hilo lilivuma miaka ya 2000 kwa zao la mbono, na mradi mkubwa wa Kisarawe ukakwama mwaka 2011. Mkulima wa karanga au alizeti asidanganyike: mafuta ghafi ni mazito, huziba nozeli za injini za kisasa, na kwa kawaida bei yake jikoni ni nzuri kuliko kwenye tangi.

Mwaka 1903 alichapisha kitabu kuhusu ushirika. Alipendekeza wafanyakazi wachangie senti chache kila siku kwenye mfuko wa pamoja utakaodhamini mikopo ya viwanda wanavyovimiliki wenyewe. Nakala 10,000 zilichapwa na takriban 300 tu zikauzwa. Mtu wa AMCOS ya pamba angekisoma kwa hamu zaidi kuliko waliolengwa. Diesel alikuwa anamwambia mwanawe kwamba hicho ndicho alichokithamini kuliko injini.

Jioni ya Septemba 29, 1913 alipanda meli iitwayo Dresden bandarini Antwerp, Ubelgiji, kwenda Uingereza kwenye mkutano wa kampuni ya injini. Alikula chakula cha usiku na wenzake wawili, akaaga yapata saa nne, akaomba aamshwe asubuhi saa kumi na mbili na robo. Asubuhi kitanda kilikutwa hakijalaliwa, na kofia na koti lake vilikuwa karibu na uzio wa sitaha. Siku 10 baadaye mabaharia wa Kiholanzi waliona maiti baharini iliyokuwa imeharibika sana. Walichukua vitu vya mfukoni na kuuacha mwili majini, kama ilivyokuwa desturi yao. Mwanawe Eugen alivitambua vitu hivyo Oktoba 13: kikebe cha dawa, pochi, kisu kidogo na mkoba wa miwani.

Magazeti yalivumisha kwamba aliuawa na majasusi wa Ujerumani au wenye visima vya mafuta, na hakuna ushahidi uliowahi kupatikana. Kilichopatikana ni vitabu vyake vya hesabu. Kabla ya safari alimwachia mkewe begi na kumwomba asilifungue kwa wiki moja. Lilikuwa na fedha taslimu pamoja na nyaraka zilizoonyesha kwamba akaunti zao za benki zilikuwa karibu tupu.